Siku sita za dereva ambaye hakuna aliyemwona: uchambuzi wa kisa cha yadi isiyo na ofisi

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika kampuni ya usafirishaji ambako nilikuwa afisa utumishi. Sitaitaja kampuni wala mtu yeyote aliyehusika. Dereva mwenyewe aliniruhusu kukisimulia kwa sharti kwamba jina lake na namba ya gari lake visionekane popote, kwa hiyo nitamwita dereva tu. Ninakiandika kwa kirefu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikao kilichopendekeza afukuzwe kazi, na karatasi zote zilipita mikononi mwangu kabla sijatambua kwamba zilikuwa zikieleza jambo ambalo halikutokea.

Shtaka lilikuwa utoro wa siku sita za kazi. Siku zote hizo sita dereva alikuwa yadi.

Yadi yenyewe

Ofisi ya kampuni iko Dar es Salaam. Yadi iko upande wa Mlandizi, mkoani Pwani, hatua chache kutoka barabara ya Morogoro. Kampuni nyingi za malori zimepeleka magari yao huko kwa sababu zinazoeleweka: uwanja wa kuegesha malori mjini ni wa gharama kubwa, foleni ya kuingia na kutoka mjini hula saa nyingi, na gari linaloelekea Tunduma, mpakani mwa Zambia, likiegeshwa Mlandizi linakuwa tayari limekwisha kuuacha mji nyuma. Hata hivyo, kwetu kilichohama kilikuwa magari peke yake. Wasimamizi wa safari, mhasibu, watu wa manunuzi na mimi mwenyewe tulibaki mjini, na katika miaka miwili ya kazi yangu nilikuwa sijafika yadi hata mara moja.

Yadi ina uzio wa mabati, kontena kuukuu lililogeuzwa stoo ya matairi, tangi la maji, choo na kibanda cha mlinzi. Mlinzi si mwajiriwa wetu. Ni wa kampuni ya ulinzi ambayo hubadilisha watu wake kila baada ya wiki mbili. Fundi ni mmoja, anahudumia yadi tatu kwa pikipiki. Hapakuwa na meza, wala mtu yeyote ambaye kazi yake ilikuwa kupokea taarifa ya dereva na kuiandika mahali.

Mambo yote yaliendeshwa kwa simu. Msimamizi wa safari, ambaye madereva humwita kontrola, hupanga safari kwa WhatsApp. Posho na pesa za njiani huingia kwa simu. Hati za mzigo dereva huzichukua kwa wakala wa forodha anapokwenda kupakia. Na mwendo wa gari hufuatiliwa kwa GPS kutoka mjini. Sitaki kuonekana kana kwamba nalaani utaratibu huu mzima, kwa maana siku za kawaida ulikwenda vizuri, na dereva mzoefu hapendi kusimamiwa na mtu anayemhesabia kila hatua. Tatizo lilijitokeza siku ambayo gari halikuondoka.

Alhamisi hadi Jumatano

Siku ya Alhamisi dereva alifika yadi saa moja asubuhi. Alikuwa amepangiwa gari lililorudishwa na mwenzake kutoka Lubumbashi, ambalo lilikuwa limeegeshwa kwa siku tisa. Mwenzake alikuwa amekwenda likizo, na funguo zilikuwa kwa mlinzi. Maelekezo ya kontrola yalikuwa mafupi: chukua gari, shuka bandarini, pakia, safiri.

Alikagua mafuta, matairi, taa na kamba za turubai. Kisha akawasha injini, akaacha upepo ujae, akamwomba utingo wa gari la jirani akanyage breki huku yeye amelala chini ya tela. Pedeli ilipokanyagwa alisikia upepo ukitoka kwenye ekseli ya katikati, upande wa kushoto. Ilipoachiwa, sauti ikakoma.

Ufafanuzi kidogo unahitajika hapa kwa msomaji asiyeyajua malori, kwa sababu kisa chote kimesimama juu ya sauti hiyo. Breki za lori huendeshwa kwa upepo. Dereva akikanyaga pedeli, upepo huingia katika chemba zilizofungwa kwenye ekseli, husukuma raba iliyo ndani ya chemba, na raba husukuma fimbo inayobana breki za gurudumu. Raba ikitoboka, upepo hutoka nje badala ya kufanya kazi hiyo, gurudumu hilo halishiki inavyopasa, na kila mkanyago hupunguza akiba ya upepo ambayo magurudumu mengine yanaitegemea. Jambo lililo gumu kuligundua ni kwamba gari likiwa limetulia bila kukanyagwa breki, halivuji kabisa. Chemba ukiitazama kwa nje ni nzima, na wa kuigundua ni watu wawili, mmoja akanyage na mwingine asikilize.

Saa mbili na nusu dereva alimtumia kontrola ujumbe wa sauti wa sekunde 47. Alieleza alichosikia, alitaja ekseli na upande, akasema hawezi kupakia mpaka raba ibadilishwe. Kontrola alijibu kwa maneno mawili: «Tuma picha.» Dereva akatuma picha ya chemba. Picha, kama nilivyokwisha kueleza, haikuonyesha kasoro yoyote. Jibu likaja kwamba fundi atapita.

Fundi hakupita siku hiyo wala siku ya pili. Ijumaa mchana kontrola yule alianza likizo na kumkabidhi mwenzake orodha ya madereva na magari, lakini ujumbe wa sauti ulibaki katika simu yake mwenyewe, aliyoondoka nayo. Kontrola wa pili alirithi jedwali lililosema kwamba gari lile lina safari na dereva anaye. Jumamosi aliuliza katika kundi la WhatsApp la madereva wote kwa nini gari limesimama. Dereva alijibu palepale kwamba anamsubiri fundi, ila asubuhi hiyo kundi lilikuwa na mjadala mkali kuhusu posho za foleni ya Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, na jibu lake lilimezwa na ujumbe wa watu wengine. Jumatatu mzigo ulipewa gari jingine. Kuanzia hapo hakuna aliyemuuliza tena, na yeye aliendelea kufika kila asubuhi, kumpigia fundi, kukaa chini ya mkorosho ulio nyuma ya stoo na kuondoka jioni.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakupanda gari akaja mjini. Alinijibu, «Dada, ningeondoka yadi, si ndiyo mngesema nimetoroka?» Jibu hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Kikao

Mahudhurio ya madereva hatukuyaandika kwa kuwaona. Tuliyatoa katika jedwali la safari. Mwenye gari lililo njiani alihesabiwa yupo. Ambaye gari lake limeandikwa «matengenezo» alihesabiwa yupo. Ambaye ana safari iliyopangwa lakini gari halikwenda alihesabiwa hayupo. Jedwali hilo mimi ndiye niliyelikuta likitumika, na mimi ndiye niliyeliendeleza. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu, Jumanne na Jumatano yake zilijazwa kwa mkupuo mmoja: hayupo, hayupo, hayupo.

Idadi ya siku ilikuwa na uzito wa kipekee. Kanuni za Utendaji Bora zilizotungwa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini huuhesabu utoro wa zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu inayokubalika, kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumwondoa mtu kazini. Kwa siku tano angepewa onyo. Kwa siku sita aliitwa kwenye kikao cha nidhamu.

Barua ya wito alitumiwa Alhamisi alasiri kwa WhatsApp, na kikao kilikuwa Ijumaa saa nne asubuhi. Kanuni hizohizo zinataka uchunguzi utangulie, zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida usipungue saa 48, na zinampa haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Uchunguzi wetu ulikuwa lile jedwali. Muda wetu haukufika hata siku moja. Kuhusu msaidizi, barua ilitaja haki hiyo kwa sentensi moja, lakini wenzake wote walikuwa ama njiani ama Mlandizi, kwa hiyo alikuja peke yake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

Hakuna hata mmoja wetu wajumbe aliyekuwa ameiona yadi wiki ile. Dereva alieleza kwa utulivu alichokieleza katika sekunde zile 47. Mwenyekiti alimuuliza: «Nani wa ofisi alikuona?» Naye akajibu, «Mkuu, ofisi haipo kule. Anione nani?» Akataja mlinzi na mama anayepika chai nje ya geti. Niliandika katika muhtasari, kwa mkono wangu, kwamba mtuhumiwa ameshindwa kuleta shahidi anayekubalika. Kamati ikapendekeza aachishwe kazi, nikatakiwa kuandaa barua kabla ya Jumanne.

Kilichonizuia kuiandika ni ile sentensi niliyoiandika mwenyewe. Nilipokuwa nikiinakili nilijiuliza shahidi anayekubalika ni yupi, na kama mtu wa namna hiyo amewahi kukanyaga yadi.

Daftari la mama lishe

Jumamosi nilipanda basi hadi Mlandizi na kuchukua bodaboda. Kwanza niliomba daftari la getini. Mlinzi aliyekuwapo alikuwa na siku nne tu pale. Aliyelinda wiki ile alikuwa amehamishiwa lindo jingine mjini. Daftari lenyewe lilikuwa limejazwa vizuri, lakini lilikuwa na magari yanayoingia na kutoka, na wageni. Madereva hawakuandikwa. Nilipouliza sababu niliambiwa kwamba madereva si wageni, ni wenyeji, na mwenyeji haandikwi anapoingia kwake. Hoja hiyo ina heshima ndani yake, ila ndiyo iliyomwacha mwenyeji bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba alikuwapo.

Kibanda cha mama lishe kiko ng'ambo ya njia, kimeezekwa kwa turubai la lori lililochakaa. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamuuliza kama anamfahamu dereva. Alicheka kidogo. «Huyo mwanangu ana deni langu, nisimfahamu vipi?» Akatoa daftari la shule lenye jalada lililolowa mafuta, akalifungua mahali palipokunjwa.

Ukurasa ulikuwa umeandikwa kwa penseli, na wateja hawakuandikwa kwa majina bali kwa namba za magari zilizochorwa mlangoni. Chini ya namba ya gari lile palikuwa na mistari sita. «Alh. chai 1, chapati 2. Mchana wali.» «Ij. chai 1. Mchana ugali dagaa.» «J'mosi chai 1, chapati 1.» Halafu mstari mzito wa kufunga wiki, kisha «J3», «J4» na «J5», ambazo siku mbili kati yake zilikuwa na chai peke yake. Chapati zilipungua kadiri deni lilivyopanda. Mtu aliyekuwa akisubiri posho ya safari alikuwa akibana chakula ili aendelee kuisubiri pale alipotakiwa kuwa.

Daftari halikuwa na tarehe, na hilo lilinipa wasiwasi, kwa sababu nilijua kamati ingelikataa. Mama lishe ndiye aliyelipatia jibu. Dereva alikuwa amemlipa sehemu ya deni kwa simu Alhamisi ile alipopewa barua ya wito, na ujumbe wa malipo ulikuwa bado katika simu yake, una tarehe na saa. Katika daftari, mara tu baada ya mstari wa J5, palikuwa na kiasi hichohicho kimeandikwa na kuzungushiwa duara. Siku sita zilizotangulia duara hilo zilikuwa ndizo siku sita za jedwali langu.

Nilimpigia dereva, naye akafika kutoka kwake Kibaha kabla ya saa saba. Tukaliendea gari. Lilikuwa limeegeshwa palepale, hakuna fundi aliyeligusa. Aliniomba nipande nikae kwenye kiti, akanionyesha geji ya upepo, akawasha injini mpaka mshale ukapanda na kutulia, akaizima. Akaingia chini ya tela. «Kanyaga!» Nikakanyaga. Kwa nyuma, kama mita kumi kutoka nilipokaa, nikasikia mfoko wa upepo, na mshale ukaanza kushuka taratibu mbele ya macho yangu bila kusimama. «Achia!» Kimya. Mshale ukasimama. Tulirudia mara tatu, na mara ya tatu taa nyekundu ya onyo ikawaka na kengele ikaanza kulia ndani ya kabini.

Jumatatu niliomba kwa mtu wa mifumo taarifa kamili ya GPS ya gari hilo, si ile ripoti ya magari yanayotembea ambayo ofisi huitazama. Ilionyesha kwamba injini iliwashwa Alhamisi saa 1:40 asubuhi kwa dakika 26, kisha Ijumaa, kisha Jumatatu asubuhi, kila mara gari likiwa halijasogea hata mita moja. Mtoro gani huyu anayefika tena na tena kuwasha gari na kulikagua? Ushahidi ulikuwa katika kompyuta zetu muda wote, tukiuchuja kila siku kwa sababu hatukuhitaji kujua habari za gari lililosimama.

Kilichokosewa ni nini

Meneja wa usafirishaji alikiona kisa hiki kuwa kosa la mawasiliano: kontrola wa kwanza hakukabidhi taarifa, basi. Sikubaliani naye, ingawa ni kweli kwamba kontrola alikosea. Katika ofisi yoyote mtu huondoka likizo akasahau jambo, na jambo hilo huokolewa na mwingine aliyekaa jirani, aliyesikia simu ikiongelewa au aliyeona mtu amekaa kwenye benchi siku ya tatu mfululizo na kumuuliza, «Wewe bado uko hapa?» Yadi yetu haikuwa na mtu wa kuuliza swali hilo. Kampuni ilidhani imeokoa mshahara wa karani. Kazi za karani zilikuwa bado zipo, na zilikuwa zimewaangukia watu wasiolipwa kwa kazi hizo na wasio na mamlaka: mlinzi alitunza funguo, utingo wa gari la jirani alikuwa mkaguzi wa breki, mama lishe alikuwa mtunza mahudhurio, na dereva alipaswa kuwa shahidi wake mwenyewe. Ilipofika siku ya kupima maneno yao, ofisi ilisema hawakubaliki.

Kuna jambo la kisheria ambalo kamati haikuligusa kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, na mahali pa kazi ni mojawapo ya maelezo hayo. Mkataba wa dereva ulisema mahali pa kazi ni Dar es Salaam. Kwa miaka mitatu alikuwa akiripoti mkoa mwingine, kwa maelekezo ya WhatsApp. Tulimshtaki kwa kutokuwapo mahali ambapo hati zetu wenyewe hazikupataja. Shauri hili lingefika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko, wajibu wa kuthibitisha kwamba aliachishwa kwa haki ungekuwa wetu. Tungepeleka jedwali, naye angepeleka daftari lenye madoa ya mafuta, na sina shaka ni karatasi ipi ingeaminiwa. Madai ya mikataba si mapya: Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchini, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyalilia. Huyu wetu alikuwa na mkataba, lakini haukulingana na kazi aliyoifanya.

Jambo zito kuliko yote ni lile ambalo katika kikao halikujadiliwa hata dakika moja, yaani kwamba alichokifanya dereva kilikuwa sahihi. Safari yake ilikuwa ya Tunduma na kuendelea Zambia hadi Kongo. Njia hiyo hupanda mlima wa Kitonga, na kupanda hakuhitaji breki sana. Lakini baada ya Mbeya mjini kuna mteremko wa Iwambi kushukia Mbalizi, na wakati wa kurudi kuna mteremko wa Inyala na wa Kitonga yenyewe. Kila dereva wa barabara ile anayajua majina hayo kwa sababu ya watu waliozikwa. Gari letu lingepimwa uzito Vigwaza, Mikese, Mikumi, Wenda, Makambako, Uyole na Mpemba, kwa kuwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kikomo cha tani 56 na serikali inakisimamia. Mizani hupima uzito tu. Tundu la raba la ukubwa wa ukucha lingepita mizani zote saba. Mahali pa kulizuia palikuwa ni yadi, na aliyelizuia ni yule tuliyetaka kumfukuza. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981, ambao tangu Juni 2022 umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo, unataka mfanyakazi aliyejitenga na hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu za msingi, alindwe dhidi ya madhara yasiyostahili. Madereva wenzake waliona alivyofanyiwa. Ningependa kuamini kwamba hakuna aliyejifunza kutokana na hilo kupakia na kunyamaza, lakini siwezi kuapa.

Lazima niseme pia lililo upande wa ofisi, maana meneja hakuwa mtu mbaya na hofu yake ilikuwa na msingi. Wapo madereva wanaoacha funguo kwa mlinzi na kukaa nyumbani siku tatu huku wakijibu simu kana kwamba wako yadi. Katika daftari lilelile la mama lishe niliona kwamba madereva wawili ambao jedwali langu liliwahesabu wapo, kwa kuwa magari yao yaliandikwa «matengenezo», hawakuonekana kibandani wiki nzima. Labda walikula kwingine. Labda hawakuwapo. Utaratibu uliokaribia kumfukuza aliyekuwapo haukuwa na uwezo wowote wa kumtambua asiyekuwapo, na kwa maana hiyo haukuwa ukimlinda hata mwajiri.

Yaliyofuata

Shtaka lilifutwa kwa barua. Nilimsomea dereva kwa simu kabla ya kumtumia, kwa sababu niliona si haki alipate jambo hilo kwa WhatsApp kama alivyolipata la kwanza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema «Nashukuru, dada,» kisha akauliza kuhusu posho. Mshahara wa siku sita alilipwa. Posho ya safari, ambayo kwa dereva wa masafa ndiyo inayosomesha watoto, hakulipwa, kwa hoja kwamba safari haikufanyika. Niliandika maombi mara mbili kwamba alipwe, maana kilichoizuia safari kilikuwa uzembe wetu, si wake. Yalikataliwa mara zote mbili. Bado naamini walikosea.

Fundi alibadilisha raba ile Jumanne kwa muda usiofika saa moja.

Jedwali la mahudhurio tuliacha kulitumia. Mkataba wa kila dereva ulirekebishwa ili utaje yadi anayoripoti. Baada ya miezi mitatu ya kuandikiana, kampuni ilikubali kuajiri karani mmoja wa Mlandizi, kijana wa palepale, akapewa meza ndani ya kontena la matairi na kitabu chenye nakala tatu: moja hubaki garini, moja huja ofisini, moja ni ya dereva. Nilikuwapo wiki yake ya kwanza. Dereva wa kisa hiki alirudi kutoka safarini alasiri ya Jumatano, akashuka, akasimama kando huku karani akilizunguka gari kwa tochi, akisoma geji na kuandika. Karani alipomkanyagia breki, dereva mwenyewe aliinama kusikiliza. Kisha akapewa nakala yake, akaikunja mara nne, akaiweka katika pochi ileile anamotunzia leseni.

Karani huyo anaondoka saa kumi na mbili jioni. Magari mengi hurudi usiku, na funguo zake bado zinapitishwa dirishani kwa mlinzi.